Mtoto Anaponyamaza, Nani Atamsindikiza?



Wapendwa waamini, tumeingia mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari Takatifu, na katika familia nyingi za parokia yetu huu ni pia mwezi wa hofu. Wanafunzi wa kidato cha nne wataketi kwa mtihani wao mwezi Novemba. Baba anahesabu fedha alizotoa tangu kidato cha kwanza, mama ameweka nadhiri, mwalimu anahesabu madaraja aliyoahidi mbele ya mkuu wa shule, na mtoto mwenyewe, ambaye hesabu zote hizo zimetwikwa kichwani pake, haulizwi lolote isipokuwa kama amesoma. Tena tarehe 10 ya mwezi huu dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili, desturi iliyoanza mwaka 1992. Tumeona basi inafaa wiki hii tuuache kidogo mfululizo wetu juu ya masakramenti, tuseme neno juu ya jambo ambalo limetufikia mara nyingi mwaka huu, ofisini, njiani, na hata sakristia tunapovua mavazi ya Misa.

Jambo lenyewe ni hili. Mzazi ana mtoto aliyebadilika. Binti aliyekuwa akiongoza nyimbo za Utoto Mtakatifu amerudi likizo kutoka bweni. Mchana kutwa amelala, usiku yu macho, chakula hakimpiti, na ukimwuliza neno hukujibu kwa bega. Mzazi ameanza safari. Shuleni ameambiwa binti ni mvivu. Kwa shangazi ameambiwa kuna mkono wa mtu. Katika kikundi cha maombi ameambiwa kuna pepo wa ukoo. Mwishoni amefika kwetu akisema, "Baba Padre, niombee mwanangu tu." Nasi huomba, maana ndiyo kazi tuliyopewa. Lakini tunapomwambia kwamba pamoja na sala ampeleke mtoto hospitali, hututazama kana kwamba tumemfukuza. Masikioni mwake neno hospitali, kwa shida ya namna hii, lina maana moja tu: Mirembe.

Mirembe, kama mjuavyo, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, nayo imewahudumia Watanzania tangu zamani za ukoloni. Ni nyumba ya huruma kama hospitali nyingine yoyote. Lakini sisi wenyewe tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Watoto hurushiana uwanjani, na watu wazima, wengine wakiwa na rozari shingoni, hulitumia katika vikao. Mzazi aliyelisikia tusi hilo tangu utoto hawezi kuwa mwepesi wa kuinuka. Hajui kwamba wengi wenye shida za akili hawatafika Mirembe kamwe, kama vile wengi wenye kikohozi wasivyofika Kibong'oto. Watasaidiwa wilayani, na kurudi nyumbani jioni ile ile.

Maoni yetu, na tunapenda kuyasema wazi, ni kwamba msaada upo. Ni haba, lakini upo. Na kinachowanyima watoto wetu msaada huo, mara nyingi kuliko umbali wa njia, ni kukosa mtu wa kwenda naye. Sisi ni watu wa kusindikiza. Mgeni akiaga tunatoka naye mpaka njia panda. Marehemu tunamsindikiza kwa maelfu. Lakini mtoto aliyesononeka tunamtuma. Tunamwambia, "Nenda ukaonwe," kisha tunarudi kwenye shughuli zetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, wala si ya parokia yetu. Hata hivyo hebu tuichukue tuingie nayo katika darasa la wanafunzi 70, maana madarasa ya namna hiyo tunayo. Ni watoto 10. Si wote wana ugonjwa mzito. Wapo wenye wasiwasi usiokoma, wapo wenye sonona, wapo walioona nyumbani mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyaona. Neno hili sonona baadhi yenu mmesema ni la wataalamu. La hasha. Bibi zetu walisema "fulani anasononeka" kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa. Ugonjwa haukuja na redio wala na simu, ingawa hatukatai kwamba simu imeongeza kuni.

Wengine wetu tutasema kwamba watoto wa siku hizi ni laini, na kwamba zamani tulisoma kwa fimbo na njaa na hatukuugua. Hapo tuombe ruhusa ya kukumbusha habari moja ya nchi yetu wenyewe. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka pasipo kuweza kujizuia. Haikuwa furaha, walicheka na kulia, wakakosa utulivu, wakashindwa kusoma. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, jambo lile likafika katika vijiji na shule nyingine, Nshamba ikiwamo. Madaktari walitafuta vijidudu na sumu wasipate, nao katika taarifa yao ya mwaka 1963 wakaona chanzo kuwa katika nafsi. Walimu wa Kashasha hawakupatwa. Waliopatwa ni watoto, wale wasio na mahali pa kusema.

Basi zamani nako watoto waliugua. Tofauti ni kwamba tulicheka nao, kisha tukasahau. Hata leo tunasikia kwamba katika bweni fulani wasichana wanaanguka na kupiga mayowe, na jambo la kwanza linalofanyika ni kuitwa mchungaji, shehe, au sisi. Tunakwenda, na tutaendelea kwenda. Ila tunapofika hupenda kuuliza maswali machache kabla ya kufungua kitabu cha sala: wanalala saa ngapi? Wanakula nini? Nani analala karibu na mlango, na kwa nini anaogopa? Kuna mtu mzima anayeingia humo usiku? Majibu ya maswali hayo yamewahi kutoa pepo wengi.

Tusidhaniwe kwamba tunapunguza imani. Kanisa lenyewe ndilo linalotufundisha hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, haimruhusu padre kumpunga mtu mapepo bila idhini maalumu ya askofu wake. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inaonya kwamba kabla ya kufikia hatua hiyo ni lazima kuhakikisha kwamba lililo mbele yetu si ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, kwa kuwa huo ni wa tabibu kuutibu. Kwa hiyo mlei anayemfunga mtoto kwa maombi ya usiku kucha, akimkataza chakula na dawa, hafanyi ukatoliki uliozidi. Anafanya jambo ambalo hata padre amekatazwa. Someni pia sura ya 38 ya Yoshua bin Sira: mwenye hekima yule anamwagiza mgonjwa asali, atubu na kutoa sadaka, kisha ampe tabibu nafasi yake, maana naye ameumbwa na Bwana. Yote mawili yamo katika sura moja. Anayetaka kuyatenganisha atalazimika kuichana karatasi.

Na yupo Eliya. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii yule aliyeshusha moto mlimani Karmeli anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Hakumpa hata mahubiri. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse, ampe mkate na maji, alale tena, ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Tumelihubiri somo hili mara nyingi kama mfano wa Ekaristi, na ni sawa. Lakini mama aliyempikia uji mtoto asiyetaka kula, akakaa naye pasipo kumwuliza maswali, amelielewa kuliko wahubiri wengi.

Wanaoona ni aibu kwenda kwa mwanasaikolojia, wakumbuke kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu cha mazungumzo kilichotoka mwaka 2017 kwamba akiwa na umri wa miaka 42, tayari padre na Mjesuiti, alimwendea mtaalamu wa nafsi, mwanamke Myahudi, mara moja kila wiki kwa muda wa miezi sita, ili apate kuyaelewa vizuri mambo fulani yaliyomsumbua. Alilisema hilo akiwa Papa, kwa hiari yake. Ikiwa Papa hakuona haya, mwenyekiti wa jumuiya anaona haya ya nini?

Tugeukie shule. Kwa haki tuseme kwamba mambo kadhaa yamefanyika. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora katika matokeo ya kidato cha nne, na mwaka huo huo Serikali ilielekeza kwamba watoto wa awali hadi darasa la nne wasilale bweni. Sisi tuliyapokea yote mawili kwa shukrani, ingawa wapo wamiliki wa shule, wakiwamo watu wa Kanisa, walionung'unika. Lakini orodha iliyoondolewa magazetini imebaki kwenye mbao za matangazo shuleni na katika makundi ya simu ya wazazi, ambako jina la mtoto wa mwisho husomwa na ukoo mzima kabla yeye hajatoka darasani.

Kuhusu fimbo tutasema machache. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka: viboko visizidi vinne, tena kwa kosa kubwa, na kwa mkono wa mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Kushindwa hesabu hakutajwi kokote kuwa kosa kubwa. Mtoto aliyeshuka ghafla kutoka nafasi ya tano hadi ya arobaini ameleta habari. Anayempiga anaichana barua kabla hajaisoma. Mtakatifu Yohane wa Mungu, tunayemkumbuka tarehe 8 Machi, alipopatwa na fadhaa kubwa pale Granada katika karne ya 16 alifungwa hospitalini na kuchapwa, kwa kuwa ndivyo walivyodhani wazimu hutibiwa. Alipotoka alianzisha hospitali yake mwenyewe, wagonjwa wakahudumiwa kwa upole. Leo ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi.

Lakini mwalimu naye tumsikilize. Wengi wenu ni walimu, na wengi mmetuambia ukweli. Mwalimu wa ushauri na unasihi mara nyingi ni yule yule mwenye vipindi vyote vya wiki, aliyeongezewa jina hilo bila mafunzo ya kutosha na bila chumba. Mtoto anayetaka kumwambia kwamba baba wa kambo anamwingilia inampasa aliseme hilo katika ofisi ya walimu, huku watu wanne wakisahihisha madaftari. Nani atalisema? Aidha mwalimu mwenyewe ana mzigo: mwenza wake yuko mkoa mwingine na uhamisho haujapatikana, mshahara umeshaliwa na mikopo ya kausha damu, nyumba aliyopangiwa inavuja. Siku moja anafoka kuliko kosa, na wote wanasema ana roho mbaya. Hatuoni ni namna gani mtu asiye na pa kusemea atakuwa pa kusemea pa watoto mia mbili. Katika shule ya parokia kamati imekubali chumba kilichokuwa cha majembe kipakwe chokaa, kiwekwe viti viwili na mlango unaofunga. Kitatumiwa na wanafunzi, na siku ya Ijumaa jioni na walimu. Gharama yake haikufikia ya spika moja ya kwaya, nasi tunaziomba shule nyingine zilizo ndani ya mipaka yetu zisisubiri mfadhili.

Hapa tuseme neno moja juu ya kitubio, kwa kuwa vijana wengi huja hapo kwanza. Ni vema waje. Lakini waelewe, na makatekista wawafundishe, kwamba siri ya kitubio haina dirisha. Kijana akituambia katika kitubio kwamba amechoka kuishi, hatuwezi kumwita matroni, hatuwezi kumpigia mama yake, wala kumwuliza yeye mwenyewe kesho yake anaendeleaje, asipolianzisha yeye. Tunachoweza, na ndivyo tufanyavyo, ni kumsihi alirudie jambo lile nje ya kitubio, hapo hapo nje ya kanisa, kwenye benchi. Akikubali, basi mikono yetu imefunguliwa. Kwa hiyo tunawaambia vijana wa TYCS na VIWAWA mapema: dhambi ileteni kwenye kitubio, ugonjwa na hofu ileteni kwenye benchi. Na mzazi asiseme, "Nimempeleka kwa Padre akaungama, imetosha." Maondoleo ya dhambi hayatibu sonona, kama yasivyotibu malaria.

Sasa, mlango uko wapi? Anzeni karibu. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kumwona mtoto na kumwandikia rufaa. Hospitali ya wilaya ndipo wengi hupata kliniki ya afya ya akili. Ulizeni kwanza ni siku gani za wiki, maana mtu aliyepanda basi saa kumi alfajiri na kukuta si siku yake harudi tena. Kliniki hizo huwahudumia pia wenye kifafa, nasi tunawasihi wazazi wanaowaficha watoto wenye kifafa wawatoe. Ni ugonjwa wa ubongo, una dawa, hauambukizi, na mate ya mgonjwa hayamdhuru mtu. Asiye na fedha amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Likizidi la wilaya, ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa kanda zetu zipo Bugando kule Mwanza, ambayo ni ya Kanisa letu, KCMC kule Moshi, na Muhimbili. Ndugu zetu Walutheri wana hospitali ya Lutindi kule Korogwe, ambayo imewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia moja. Hatuoni haya kumpeleka Mkatoliki huko. Na mtoto mwenyewe, au jirani aliyeona mtoto anatendewa ubaya, anaweza kupiga namba 116, simu kwa mtoto, bila malipo.

Mtakaposindikiza, sindikizeni kweli. Mtoto asipelekwe na baba aliyekasirika. Aende na mtu anayemwamini, hata kama ni mama mdogo au dada wa kwaya. Mwacheni aongee na muuguzi akiwa peke yake kwa muda. Akipewa dawa, mwulizeni mtaalamu itaanza kufanya kazi baada ya muda gani na italeta maudhi gani, kwa maana dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa, na wengi huzitupa siku ya tano wakisema hazifai. Wasiziache kwa ghafla bila kumwuliza aliyezitoa, hata kama mhubiri fulani jukwaani ametangaza kwamba wote wamepona. Shuhuda za namna hiyo tumezisikia. Tumeona pia wiki tatu zinazofuata.

Ipo hatari isiyongoja siku ya kliniki. Mtoto akisema kwamba hafai, kwamba ni mzigo, kwamba mngekuwa na amani bila yeye. Akianza kugawa vitu vyake alivyovipenda. Akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humshushia mzigo, kwa kuwa hatimaye mtu mzima amelitaja lile ambalo yeye aliogopa kulitaja. Asiachwe peke yake, hata usiku. Dawa za shamba na vidonge vifungiwe kwa kufuli, na ufunguo ukae na mtu. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo.

Na ikiwa amekwisha kujaribu, hospitali bado ndiyo ya kwanza. Familia nyingi humficha ndani kwa hofu ya polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza iliandika jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Kwa majirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Sisi si wanasheria, ila tunaona mtu aliyefikia ukingo huo amekwisha kuadhibiwa vya kutosha na maumivu yake, na kwamba nafasi yake ni kitandani wala si mahabusu.

Tumeulizwa mwaka huu swali moja lililotuumiza. Kijana alikufa hivyo katika kigango cha mbali, na jumuiya ikatuma ujumbe kuuliza kama kwaya iende, na kama jeneza liingie kanisani. Tuliona wazi kwamba wazee walikuwa wanakumbuka sheria ya zamani. Ni kweli, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983, ambayo ndiyo yetu, haikuwaweka katika orodha ya wanaonyimwa. Na Katekisimu, namba 2282 na 2283, bila kuficha uzito wa tendo lenyewe, inafundisha kwamba ugonjwa mzito wa nafsi, hofu au mateso huweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, maana Mungu anazo njia zake, Kanisa huwaombea. Kwaya ilikwenda. Jeneza liliingia. Mama wa marehemu alikaa kiti cha mbele, na wanawake wa WAWATA walikaa pande zake mbili. Kama wapo waliokwazika, tunawakaribisha ofisini tuzungumze, ila tunawaomba wasiyaseme kisimani, ambako wadogo zake wanachota maji.

Mji wa Geel kule Ubelgiji unatufikirisha. Huko lipo kanisa la Mtakatifu Dimfna, msimamizi wa wagonjwa wa akili. Tangu karne za kati mahujaji walileta wagonjwa wao, na kanisa lilipojaa, familia za mji zikaanza kuwapokea nyumbani, wakala nao, wakalima nao. Desturi hiyo haijafa mpaka leo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,000. Hawakuwa madaktari, bali wakulima na wake zao. Jumuiya Ndogo Ndogo yenye kaya kumi na tano haiwezi kumpokea mtoto mmoja wa jirani kwa mwisho wa juma, mama yake apate kulala?

Halmashauri Walei imekubali kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wasio wasemaji sana, watakaokuwa wasindikizaji. Hawatatibu mtu. Watajua siku za kliniki, nauli ya kwenda na kurudi, na jina la muuguzi. Fungu dogo la nauli litatoka katika sadaka ya Jumamosi ya kwanza, nayo hesabu yake itasomwa bila kutaja aliyesaidiwa.

Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya atakaa nasi ukumbini mpaka saa tisa alasiri. Atazungumza na wote kwa nusu saa, kisha ataonana na mmoja mmoja katika chumba cha katekista. Wanaoogopa kuonekana wapitie mlango wa nyuma, upande wa jiko la WAWATA. Tumeagiza usifungwe.